Kuhesabu matundu ya jani: shajara ya mradi wa vyuo vitatu

Januari, baada ya kikao cha uzinduzi

Mkataba umesainiwa. Vyuo vikuu vitatu, miaka mitatu, swali moja: hewa ukaa ikiongezeka angani, stomata za jani hupungua kwa kiasi gani? Na je, tunaweza kuzihesabu kwa namna ambayo mtu wa mbali, asiyetujua, akirudia kazi yetu atapata tulichopata?

Kwa msomaji aliyeachana na biolojia siku nyingi: stomata ni matundu madogo sana yaliyotapakaa kwenye ngozi ya jani. Kila tundu lina seli linzi mbili. Seli hizo zikijaa maji, tundu hufunguka, zikinywea, hujifunga. Hewa ukaa huingilia hapo kwenda kwenye usanisinuru, na mvuke wa maji hutokea mlango huohuo. Mmea haupati kimoja bila kulipia kingine, ndiyo maana idadi ya matundu hayo si jambo dogo.

Swali lenyewe si la kwetu. Mwaka 1987 F. I. Woodward alichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuhesabu stomata kwenye majani makavu ya hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi), spishi nane za miti, majani yaliyochumwa katika kipindi cha miaka 200. Msongamano wa stomata, yaani idadi yake kwa eneo la jani, ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 40. Kabla ya viwanda hewa ukaa ilikuwa karibu sehemu 280 kwa milioni. Alipoandika ilikuwa inakaribia 350. Sasa imepita 420. Kwa hiyo kuna kipande kirefu cha mstari ambacho yeye hakuwa nacho, nasi tunacho.

Mgawanyo wa kazi ni huu. Chuo chetu kina vyumba vya kuoteshea mimea na hadubini. Chuo cha pili kina hebaria kubwa na watu wanaoijua. Chuo cha tatu kinafundisha walimu, na kina shule ambazo kimezoeana nazo kwa miaka. Kwenye karatasi tunaitwa Mshirika wa Kwanza, wa Pili na wa Tatu. Kikao hakijafika nusu, kila mtu alishaanza kusema Maabara, Hebaria na Ualimu, na nitaandika hivyohivyo.

Kwenye andiko la kuombea fedha, kipengele cha kushirikisha umma kipo mwisho kabisa, aya mbili baada ya bajeti ya vifaa. Ndivyo maandiko ya namna hii yanavyoandikwa. Mwenzetu wa Ualimu alikisoma kwa sauti kikaoni, akauliza kwa upole kama kuna mtu aliyekusudia kukitekeleza. Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Februari

Tumechagua mimea miwili, baada ya mabishano yaliyokuwa marefu kuliko yalivyostahili.

Vyumbani tutaotesha Arabidopsis thaliana. Ni mmea mdogo wa jamii ya haradali, una jozi tano za kromosomu, unamaliza mzunguko wake wa maisha katika wiki chache, na jenomu yake ilichapishwa mwaka 2000, ya kwanza kwa mmea wowote. Mbegu zake zinapatikana katika vituo viwili vikubwa, cha Nottingham nchini Uingereza na cha Ohio nchini Marekani, kwa hiyo maabara yoyote inaweza kuagiza ukoo uleule tuliotumia sisi. Hoja hiyo ilimaliza ubishi.

Kwa upande wa hebaria na shule, Arabidopsis haifai: jani lake ni dogo na laini, na mtoto hataliona njiani. Huko tumechukua Plantago major, gugu la majani mapana linaloota kando ya njia na kwenye nyasi zinazokanyagwa, sehemu nyingi sana za dunia. Watu wa hebaria wamekuwa wakilikusanya kwa karne nyingi kwa sababu lipo tu, na wanafunzi wanaweza kulipata bila kuingia msituni. Mtu mmoja wa Maabara alisema gugu hili halina hadhi ya mradi wa kimataifa. Namheshimu, ila hadhi ya mmea hatuipimi kwa hadubini.

Karatasi za kisheria: cheti cha afya ya mimea kwa kila kifurushi cha mbegu kinachovuka mpaka, na mkataba wa kuhamisha vielelezo. Mwanasheria wa chuo kimoja ametukumbusha Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa 2010 na kuanza kutumika Oktoba 2014, inayohusu ruhusa na mgawanyo wa faida pale rasilimali za jeni za nchi fulani zinapotumiwa. Kuhesabu matundu si kuchunguza jeni, lakini tumekubaliana mapema nini kifanyike ikiwa siku moja mtu atataka kutoa DNA kwenye vipande tulivyokata. Ni rahisi kukubaliana sasa, kabla hakijapatikana kitu cha kugombaniwa.

Machi, Hebaria

Nimekaa kwa wenzetu wa Hebaria, na nimerudi na unyenyekevu.

Mtunza hebaria alinikaribisha kwa glavu. Karatasi nyingi za zamani, alieleza, zilipakwa kloridi ya zebaki ili wadudu wasizile. Zebaki hiyo bado ipo. Kwa hiyo wazo letu zuri la kuwaleta wanafunzi wa shule washike majani ya mwaka 1880 kwa mikono yao lilikufa palepale mlangoni, na lilistahili kufa. Watoto watapata picha za ngozi ya jani zilizopigwa kwa hadubini, zenye ubora mzuri. Karatasi zenyewe zitabaki kabatini.

Jambo la pili lilikuwa namna ya kuchukua sampuli. Kwenye jani bichi njia ni nyepesi: unapaka rangi ya kucha isiyo na rangi, unasubiri ikauke, unabandika selotepu juu yake, unabandua, na chapa ya ngozi ya jani inatoka nzima, tayari kwa kioo cha hadubini. Maabara walikuwa wamepanga kufanya hivyo pia kwenye majani makavu. Mtunza hebaria aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Dokta, hilo jani likishabanduka ngozi, nani atairudisha?"

Hakukuwa na jibu. Rangi ya kucha ina kiyeyushi, na jani kavu la miaka 140 halina msamaha. Tumekubaliana hivi: karatasi nyingi zina bahasha ndogo iliyobandikwa pembeni, yenye vipande vilivyodondoka vyenyewe. Tutatumia hivyo tu. Karatasi isiyo na vipande vya kutosha haiguswi. Kila kipande kitalowekwa na kung'arishwa hadi seli zionekane, kisha kitahifadhiwa na kurudi kwenye karatasi yake, pamoja na kijikaratasi kinachosema nani alichukua, lini, na kwa kazi gani. Hilo limetupunguzia sampuli kwa kiasi kikubwa. Limetupunguzia pia ugomvi wa baadaye.

Lebo za karatasi hizo ni somo peke yake. Zinataja mwaka, mahali na mkusanyaji. Hazitaji kama jani lilikuwa juani au kivulini. Na hapo ndipo penye mtego, maana jani lililokulia juani kwa kawaida lina stomata nyingi zaidi kwa milimita ya mraba kuliko lililokulia kivulini, hata kama yametoka kwenye mmea mmoja. Ikiwa wakusanyaji wa zamani walipenda kuchuma mahali pa wazi na wa sasa wanachuma chini ya miti, tutaona stomata "zikipungua" pasipo hewa ukaa kuhusika kabisa.

Sehemu ya dawa ni ya mwaka 1927. E. J. Salisbury alipendekeza faharasa ya stomata: badala ya kuhesabu matundu kwa eneo, unayahesabu kama asilimia ya seli zote za ngozi, matundu na seli za kawaida pamoja. Jani likitanuka, seli hutanuka nalo na matundu huachana, hivyo msongamano unashuka. Lakini uwiano wa matundu kwa seli hauyumbi sana. Tutaandika vyote viwili. Kuhesabu seli za kawaida ni kazi ya kuchosha macho, na mwanafunzi wetu wa uzamivu aliipokea habari hii kimyakimya.

Aprili, jaribio la pamoja

Kabla ya kugusa swali la hewa ukaa, tulitaka kujua kama Maabara, Hebaria na Ualimu wakiotesha mbegu zilezile watapata mimea ileile. Kuna sababu ya kuogopa. Mwaka 2010 kundi la watafiti wa Ulaya lilichapisha kazi ambamo maabara kumi ziliotesha koo tatu za Arabidopsis kwa mwongozo mmoja. Baadhi ya maabara zilikaribiana, nyingine ziliachana waziwazi, na tofauti ndogo za mwanga na za namna ya kushika mimea zilichangia sana. Na hao walikuwa watu wanaojua kazi yao.

Mwongozo wetu: mbegu zilowekwe na kukaa gizani kwa nyuzi 4 siku tatu ili ziote kwa pamoja; kisha nyuzi 22, mwanga saa 16, giza saa 8; jani lile lile kwa mpangilio wa kuota, likiwa limekomaa; chapa ichukuliwe upande wa chini, katikati ya mshipa mkuu na ukingo. Arabidopsis ina stomata pande zote mbili za jani, na Plantago vilevile, kwa hiyo asiyeandika upande hajaandika kitu.

Matokeo yamerudi na hayapatani. Chumba kimoja kimetoa mimea yenye stomata chache kuliko vingine viwili. Mbegu ni zilezile, udongo umetoka kwenye mfuko mmoja, taa zimepimwa.

Fundi wa chumba hicho ndiye aliyefumbua. Aliweka kipima hewa ukaa ndani na kukiacha kinarekodi. Mchoro uliotoka unajieleza: kuanzia saa tatu asubuhi mstari unapanda, unafikia kilele mchana, jioni unashuka, usiku umetulia. Jumamosi na Jumapili haupandi kabisa. Chumba kinavuta hewa kutoka korido, na korido ile iko nje ya ukumbi wa mihadhara. Mimea yetu imekuwa ikivuta pumzi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Kwa mradi wa jambo lingine hili lingekuwa kero ndogo. Kwa mradi unaouliza stomata hufanyaje hewa ukaa ikipanda, ni swali kujibiwa kabla hujaliuliza, tena na kipimo usichokipanga. Bomba la hewa linahamishiwa nje ya jengo. Vyumba vyote vitatu sasa vina vipima hewa ukaa vinavyorekodi mfululizo, na hakuna data itakayopokelewa bila mchoro wa chumba chake.

Nimeongeza mchoro ule kwenye slaidi za somo la mwaka wa kwanza. Ni wao, hata hivyo.

Mei, shule

Ualimu wameanza majaribio na shule. Hapa nitaandika kwa kirefu, kwa sababu mwezi huu umebadilisha mradi kuliko miezi yote iliyotangulia.

Kwanza ulikuwepo ubishi mkali kati ya Maabara na Ualimu. Maabara walitaka wanafunzi wahesabu bila kuambiwa swali. Hoja yao ina nguvu: ukimwambia mtu unatarajia matundu machache kwenye majani mapya, ataona machache, hata awe mwaminifu namna gani. Ualimu walikataa. Mwalimu mkuu wa programu yao alisema mtoto hawezi kuitwa mshiriki wa utafiti ikiwa haambiwi anatafuta nini. Huyo ni kibarua asiyelipwa. Nilikuwa upande wa Maabara nilipoingia kikaoni. Nilipotoka sikuwa tena.

Suluhisho lilikuwa jepesi kuliko ubishi. Picha zimepewa namba za siri. Wanafunzi wanajua swali lote, wanajua nadharia tete, wanajua hata kwamba wengine hawaiamini. Wasichokijua ni picha ipi ni ya mwaka gani. Watafiti wa chuo nao sasa wanahesabu kwa namba hizohizo za siri, jambo ambalo halikuwa kwenye mpango wa awali. Orodha ya siri anayo mtunza hebaria, na hajaonyesha dalili ya kuhongeka.

Kisha maswali yakaanza kuja. Ualimu wana utaratibu wa kuandika kila swali la darasani kwenye daftari na kulituma kwetu, na kanuni yao ni kwamba hakuna swali linalojibiwa kwa "fanya tu". Swali lililojitokeza karibu kila shule lilikuwa hili: tundu lililokatwa na ukingo wa duara la hadubini, lihesabiwe au liachwe?

Niliwauliza wahesabuji wa vyuo vitatu, kila mmoja peke yake. Mmoja anahesabu yote yanayoonekana. Mwingine anahesabu mazima tu. Wa tatu alisema "inategemea". Kwenye duara dogo lenye matundu kama 30, yanayogusa ukingo hayawi mawili au matatu. Ni mengi ya kutosha kubadilisha jibu. Kanuni mpya: duara ligawanywe kwa mstari wa kufikirika katikati, yaliyokatwa na ukingo wa nusu ya juu yahesabiwe, yaliyokatwa na ukingo wa nusu ya chini yaachwe. Wanaotumia picha ya mraba watahesabu yanayogusa ukingo wa juu na wa kushoto, na kuacha ya chini na ya kulia.

Kubwa zaidi lilitoka kwenye jambo ambalo shule zilifanya kwa sababu ya ukosefu wa vifaa. Hazina kioo chenye kipimo kilichochongwa, kile ambacho maabara hutumia kupima upana wa eneo linaloonekana. Kwa hiyo Ualimu waliwafundisha kutumia rula ya plastiki inayopitisha mwanga: iweke chini ya lenzi ya 4, soma upana wa duara kwa milimita, kisha gawa kwa kumi ili upate upana kwenye lenzi ya 40. Kila shule ilipima hadubini yake yenyewe. Vyuoni kila mtu alikuwa akitumia karatasi ya zamani iliyobandikwa ukutani, inayosema eneo la ukuzaji wa mara 400 ni kiasi fulani.

Lakini ukuzaji wa mara 400 hauna eneo moja. Unategemea kioo cha jicho. Chenye namba ya uwanja 18 (upana wa duara kwa milimita kabla ya kugawa kwa ukuzaji wa lenzi, hapa 40) kinakupa duara la upana wa milimita 0.45, yaani eneo la milimita za mraba 0.159. Chenye namba 20 kinakupa upana wa 0.5, eneo la 0.196. Mtu akihesabu matundu 30 kwenye kila kimoja, kwa kile cha kwanza jibu ni kama 189 kwa milimita ya mraba, kwa cha pili ni 153. Hiyo ni tofauti ya karibu asilimia 20, nusu ya anguko alilolipata Woodward kwa karne mbili, na imetengenezwa na kipande cha kioo. Hadubini za vyuo vitatu zilikuwa na vioo vya aina zote mbili.

Karatasi za ukutani zimeondolewa. Kila hadubini ya mradi sasa ina kibandiko chenye upana wake uliopimwa, tarehe, na jina la aliyepima. Kwenye mwongozo, hatua ya rula imeingia kama hatua ya kwanza kwa kila mtu, profesa au mwanafunzi.

Mei 18, siku ya wazi

Mei 18 ni Siku ya Kimataifa ya Kuvutiwa na Mimea, iliyoanzishwa mwaka 2012 na shirika la Ulaya la sayansi ya mimea, EPSO. Tulifungua milango.

Kilichovuta watu hakikuwa hadubini ya bei ghali. Kilikuwa chombo cha kioo chenye maji ya moto. Unatumbukiza jani, hewa iliyomo ndani inatanuka na kutoka kupitia stomata, na mapovu yanajipanga upande wenye matundu mengi. Majani ya miti mingi hutoa mapovu upande wa chini. Halafu unatumbukiza jani la yungiyungi la majini, lile linaloelea, na mapovu yanatoka juu, kwa sababu upande wa chini unagusa maji na stomata huko hazingekuwa na kazi. Watu wazima waliduwaa kuliko watoto.

Mzee mmoja aliuliza swali ambalo naliona likirudi kila mara: kama hewa ukaa ni chakula cha mimea, si ni heri iongezeke? Mwanafunzi wetu wa uzamili alijibu vizuri, na ninaandika jibu lake kwa sababu nalo limeingia kwenye mwongozo wa wahudumu. Ni kweli mimea mingi hukua haraka zaidi hewa ukaa ikiongezwa, na ikipunguza matundu hupoteza maji kidogo. Lakini jani hupoa kwa kutoa mvuke. Likibana matundu siku ya joto kali, joto lake linapanda. Na majaribio ya mashambani, ambako hewa ukaa huongezwa hewani pasipo kuta wala paa, yameonyesha kwamba nafaka kama ngano na mchele hupungukiwa zinki na chuma. Mzee aliuliza tena: basi ni wingi bila ubora? Akajibiwa ndiyo, kwa sehemu. Hatukumwongezea mengine. Mtu akishafika hapo kwa miguu yake, mhadhara humchosha.

Juni

Somo la pamoja la shahada ya kwanza limeanza. Alama za masomo za vyuo vitatu hazilingani, kalenda zao hazilingani, na mifumo ya usajili haizungumzi. Makatibu watatu wa idara wamelitatua kwa lahajedwali na simu, na hilo ndilo nitakaloliandika.

Kwa upande wa mafunzo, tunatumia mutanti ya Arabidopsis iliyoharibika jeni iitwayo TMM. Kwenye mmea wa kawaida stomata mbili hazikai zikigusana. Huwa kuna angalau seli moja kati yao. Kwenye majani ya mutanti hii zinakaa mafungumafungu. Mwanafunzi akiweka chapa mbili pembeni kwa pembeni hahitaji takwimu kuona kwamba mpangilio wa matundu una sheria, na kwamba sheria hiyo ina jeni. Baada ya hapo unamweleza usafirishaji wa ishara kati ya seli, naye anakusikiliza.

Agosti

Toleo la nne la mwongozo limetoka. La kwanza lilikuwa ukurasa mmoja; hili lina sehemu ya rula, ya ukingo, ya upande wa jani, ya namba za siri, na ya mchoro wa hewa ukaa wa chumba. Nikiangalia jedwali la mabadiliko, vipengele vingi vina chanzo kimoja kwenye safu ya "limeletwa na": daftari la maswali la Ualimu. Nimependekeza kwa kamati kwamba mwaka ujao bajeti ya shule itoke kwenye fungu la ushirikishaji umma na kuingia kwenye fungu la mbinu za utafiti. Mhasibu anasema mfadhili hataelewa. Nimemwomba tumwandikie, tuone.

Jaribio la pamoja limerudiwa kwa mwongozo mpya. Vyumba vitatu sasa vinakaribiana kiasi kwamba tofauti kati ya mahesabu ya watu wawili kwenye picha ileile ni kubwa kuliko tofauti kati ya vyumba. Wahesabuji wa shule, wakipewa mazoezi ya picha chache zenye majibu, hawako nyuma ya wanafunzi wa shahada ya kwanza. Kuhusu majani ya hebaria sitaandika kitu hapa mpaka orodha ya siri ifunguliwe.

Data zote zitawekwa wazi pamoja na picha zake, kila picha na jibu la kila mhesabuji, si wastani tu. Picha za watoto hazitakuwemo. Kamati ya maadili iliweka hilo wazi tangu mwanzo, na wazazi wamesaini kwa kazi ya kuhesabu, si kwa nyuso.

Septemba

Fomu ya ripoti ya mwaka imefika. Ina kisanduku kinachouliza idadi ya watu "waliofikiwa". Nimeijaza, kwa kuwa fomu isiyojazwa hurudi. Kisha nimeambatisha nakala ya daftari la maswali, ambalo hakuna kisanduku kinachoiomba.

Kilichobaki kwenye meza ni suala la majina. Tumeamua kutumia orodha ya majukumu 14 inayotumiwa na majarida mengi ya sayansi, ambayo hutaja nani alibuni, nani alikusanya data, nani alitunza, nani aliandika. Fundi aliyepima hewa ya korido anaingia kama mwandishi, hilo halikupingwa. Shule zinataka kuingia kwa majina ya madarasa, na jarida tunalolilenga limejibu kwamba linakubali majina ya makundi. Aliyebaki ni mtunza hebaria. Anasema kazi yake ni kutunza, na kwamba karatasi zimewahi kutumiwa na wengi ambao hawakumwandika, na hakufa. Mwenzetu wa Ualimu anakwenda kuzungumza naye Jumatatu. Nimemwambia avae glavu.